Nchi gani niombe viza ya kufanya kazi kwa mbali? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "nchi gani nzuri?" Likiulizwa hivyo halina jibu. Ligeuze liwe "nchi gani itanikubali mimi, kwa pasipoti hii, mkataba huu na kipato hiki?" na orodha ndefu itapukutika hadi zibaki nchi nne au tano. Hapo ndipo bahari, milima na hali ya hewa vinapopata nafasi ya kuzungumzwa. Majibu yafuatayo yanafuata mchujo huo.

## Mambo ya msingi

Viza ya kufanya kazi kwa mbali ni nini hasa?

Ni ruhusa ya kuishi katika nchi fulani kwa miezi au miaka, huku kazi yako na malipo yako vikitoka nje ya nchi hiyo. Unakuja na kompyuta yako, unapanga nyumba, unatumia pesa pale, na humnyang'anyi mwenyeji ajira. Sharti hilo la mwisho ndilo roho ya mpango mzima, na ndilo linaloeleza kwa nini maofisa hukuuliza sana pesa zako zinatoka wapi kuliko unachojua kufanya.

Barbados ilifungua mpango wake wa Welcome Stamp Julai 2020, wakati korona ilipokuwa imewafukuza watalii. Estonia ikafuata Agosti mwaka huohuo, kisha nchi nyingine zikamiminika. Majina yanatofautiana: viza, pasi, cheti, kibali cha ukaazi. Usibabaishwe na jina. Angalia utakaa muda gani, kama muda unaongezeka, na kama utahesabiwa mkaazi au mgeni tu. Japani, kwa mfano, inakupa miezi 6 isiyoongezeka na haikupi kadi ya ukaazi, na bila kadi hiyo kufungua akaunti ya benki au kusaini mkataba wa kawaida wa pango ni shughuli pevu.

Kwa nini nisiende tu kwa viza ya utalii?

Wengi huenda hivyo, na wengi hawakamatwi. Lakini katika nchi nyingi viza ya utalii inakataza kazi ya aina yoyote, hata kama anayekulipa yuko bara jingine.

Nchi chache zimeweka jambo hili wazi. Uingereza, tangu 31 Januari 2024, inamruhusu mgeni kuendelea na kazi yake ya nje mradi kazi hiyo isiwe sababu kuu ya safari. New Zealand ililegeza masharti ya viza ya wageni tarehe 27 Januari 2025, ila inakutahadharisha kwamba ukivuka siku 92 ukiwa unafanya kazi, suala la kodi linaweza kuanza. Kanada humwachia mgeni afanye kazi za mwajiri wa nje ndani ya miezi 6 yake ya kawaida. Kama unataka miezi miwili tu ya kubadilisha upepo, huenda huhitaji viza ndefu kabisa. Viza ndefu hulipa pale unapohitaji mkataba wa nyumba, shule ya watoto, na kupita uwanja wa ndege bila kutunga hadithi.

Nianzie wapi kuchuja?

Anza na pasipoti. Kisha aina ya kazi yako, yaani umeajiriwa, umejiajiri au unamiliki kampuni. Halafu kipato, kodi, na saa za kazi. Mandhari yaje mwisho. Watu wengi huanza na mandhari, wakalipia tafsiri na bima, kisha wakagundua kwamba uraia wao haumo hata kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuomba.

## Pasipoti, kipato na karatasi

Pasipoti yangu inahitaji viza karibu kila mahali. Bado nina nafasi?

Unayo, ila uwanja ni mdogo kuliko matangazo yanavyosema. Baadhi ya viza hizi zinatolewa tu kwa watu ambao tayari wanaingia nchi hiyo bila viza. Iceland inataka uwe wa taifa lisilohitaji viza ya Schengen, yaani lile eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao. Kolombia nayo inawapa wale tu wanaosamehewa viza ya kuingia. Japani ina orodha yake ya mataifa, vilevile Uturuki, ambayo inaongeza masharti ya umri wa miaka 21 hadi 55 na shahada ya chuo. Cabo Verde ilifungua mlango kwa raia wa Ulaya, Amerika Kaskazini, nchi zinazozungumza Kireno na za jumuiya ya Afrika Magharibi, ECOWAS.

Upande wa pili kuna nchi zisizochagua uraia kwa namna hiyo. Hispania, Ureno na Ugiriki zinasema tu usiwe raia wa Umoja wa Ulaya au wa nchi washirika wake. Mengine yote yanaamuliwa na karatasi zako. Kwa mwenye pasipoti dhaifu, hizi ndizo za kutazamwa kwanza, ingawa ni ghali zaidi kimasharti. Viza rahisi isiyokuhusu haina urahisi wowote.

Jambo moja husahaulika: njia ya kufika. Umepata viza ya nchi ya mwisho, lakini ndege inapitia uwanja unaodai viza ya kupita. Kagua hilo kabla ya kununua tiketi.

Kipato kinachotakiwa ni kiasi gani?

Tofauti ni kubwa mno. Brazili inataka dola 1,500 kwa mwezi. Kolombia inataka mara tatu ya kima cha chini cha mshahara wake, ambayo mwaka 2025 ilikuwa takriban dola 1,000. Namibia ni dola 2,000, Kosta Rika 3,000, Dubai 3,500. Estonia ilianza na euro 3,504 kwa mwezi na sasa ni 4,500. Malta ilipandisha hadi euro 42,000 kwa mwaka mnamo 2024. Barbados inasema dola 50,000 kwa mwaka, Indonesia 60,000, na Japani yeni milioni 10.

Usikariri tarakimu hizi. Nyingi zimefungwa kwenye kima cha chini cha mshahara cha nchi husika na hupanda kila kinapopanda. Ureno inadai mara nne ya kima hicho: kilipokuwa euro 760 mwaka 2023 ulihitaji 3,040, kilipofika 820 mwaka 2024 ukahitaji 3,280, mwaka 2025, kwa 870, ukahitaji 3,480. Aliyekusanya karatasi Novemba akapata miadi Februari alijikuta amepungukiwa bila mshahara wake kushuka hata senti.

Hispania ina mtego wake. Inataka mara mbili ya kima cha chini, na kwa mwaka 2025 kima kilikuwa euro 1,184. Mtu anazidisha mara mbili, anapata 2,368, anatabasamu. Lakini kule mshahara huo hulipwa mara 14 kwa mwaka. Ukigawa kwa miezi 12, kima ni takriban euro 1,381, na mara mbili yake ni kama 2,763. Tofauti ya karibu euro 400 kwa mwezi imewaangusha watu ambao hesabu zao zilikuwa safi kabisa, ila si hesabu za ofisi.

Ni mshahara ghafi au wa baada ya makato?

Inategemea nchi. Estonia huangalia ghafi. Ugiriki inataka euro 3,500 ziwe mkononi baada ya kodi. Kwa mtu anayekatwa theluthi moja, hiyo ni tofauti ya kukubaliwa na kukataliwa, kwa hiyo soma neno lenyewe kwenye ukurasa wa ubalozi, si kwenye ukurasa wa mtu anayeuza ushauri.

Kipato changu hupanda na kushuka. Nitaangaliwaje?

Ofisa wa viza anaisoma taarifa yako ya benki kama mkaguzi, mstari kwa mstari. Anatafuta jina la mlipaji lililomo kwenye mkataba, kiasi kinachofanana na ankara, na tarehe zinazofuatana. Mwezi uliolipwa maradufu baada ya mwezi uliokauka unaeleweka kama ankara mbili ziko pale kuueleza. Kinachomshtua ni pesa nyingi zilizoingia kwa mkupuo wiki mbili kabla ya miadi, kutoka kwa mtu mwenye jina la ukoo kama lako. Kila mtu anajua pesa hizo ni za nini.

Kama wastani wako ni mzuri lakini miezi haifanani, tafuta nchi inayopima akiba badala ya mshahara. Viza ya DTV ya Thailand, iliyoanza Julai 2024, inataka uonyeshe baht 500,000. Ni ya miaka 5, na kila unapoingia unapata siku 180. Brazili nayo inakubali dola 18,000 zilizoko benki badala ya kipato cha mwezi. Mwandishi au mbunifu anayelipwa kwa mradi ana nafasi nzuri huko kuliko Estonia, ambako huangaliwa miezi 6 ya nyuma.

Barua ya mwajiri iseme nini?

Iseme cheo chako, tangu lini, mshahara, na kwamba *unaruhusiwa kufanya kazi ukiwa katika nchi hiyo*, itajwe kwa jina. Hili la mwisho nililijua kwa kuumia. Ombi langu la kwanza lilirudishwa kwa sababu barua ilisema ninaruhusiwa "kufanyia kazi nyumbani". Dirishani nikaulizwa, kwa upole tu, "Nyumbani ni wapi?" Sikuwa na jibu lililoandikwa. Barua mpya ilichukua siku tatu. Miadi mpya ilichukua wiki saba.

Hispania inachimba zaidi: kampuni iwe imefanya kazi angalau mwaka mmoja, nawe uwe umefanya nayo kazi angalau miezi 3 kabla ya kuomba, na uwe na shahada au uzoefu wa miaka 3. Aliyebadilisha kazi juzi asubiri.

Ni karatasi zipi huchelewesha?

Cheti cha polisi cha tabia njema, bila shaka. Huwa kinataka alama za vidole, kinachukua muda kutoka, na uhai wake ni mfupi, mara nyingi miezi 3 hadi 6. Ukikitafuta mapema mno kinaisha kabla ya miadi, na ukichelewa kinakukwamisha. Umeishi nchi mbili au tatu? Utahitaji cha kila moja.

Kisha uthibitisho. Nchi zilizojiunga na Mkataba wa Hague wa 1961 hutumia apostili, muhuri mmoja na basi. Kama nchi iliyotoa cheti chako haimo, karatasi inapita wizara ya mambo ya nje kisha ubalozi, na kila dirisha lina ada yake. Tafsiri huja *baada* ya muhuri, kwa sababu muhuri nao hutafsiriwa. Watu hulipia tafsiri mara mbili kwa kutojua mpangilio huu.

Bima ya afya inaonekana rahisi lakini isome vizuri: Korea Kusini inataka bima ya angalau woni milioni 100, na bima ya safari ya kawaida haifiki huko.

Niombe ubalozini, mtandaoni, au nikiwa tayari nchini humo?

Barbados, Dubai, Malaysia na Malta hupokea maombi mtandaoni, na kwa mtu anayeishi mbali na ubalozi wowote hilo pekee linaweza kuamua safari. Ureno hupitia ubalozi wa mahali unapoishi kihalali. Kama nchi unayoishi haina ubalozi wao, unahudumiwa na ule wa nchi jirani, maana yake safari, hoteli, pengine na viza ya jirani huyo. Weka gharama hizo kwenye hesabu.

Hispania inatoa njia mbili zisizolingana. Ukiombea ubalozini unapata viza ya mwaka mmoja. Ukiombea ndani ya nchi, ukiwa umeingia kihalali, unapata kibali cha hadi miaka 3, na sheria inaipa ofisi siku 20 za kazi kukujibu. Anayeweza kuingia bila viza ana sababu zote za kuombea ndani; wengine tunapanga foleni ubalozini. Thailand ni kinyume: DTV huombwa ukiwa nje ya nchi, na balozi zake hazidai karatasi zilezile.

## Kodi

Nikikaa chini ya siku 183 sidaiwi kodi, sivyo?

Sivyo kila mahali. Siku 183 ni kipimo cha kawaida, lakini nchi nyingi pia hutazama makao yako, familia yako na mahali maslahi yako makuu ya kiuchumi yalipo. Thailand huhesabu siku 180, na tangu 1 Januari 2024 mkaazi wake wa kodi hutozwa kwa kipato cha nje alichokiingiza nchini.

Pia, kuondoka kwenu si lazima kukuondoe kwenye vitabu vya kodi vya kwenu. Raia wa Marekani hufuatwa na kodi popote alipo duniani. Wengine hubaki wakaazi wa kodi hadi wathibitishe wamehama. Uliza kama kuna mkataba wa kuzuia kutozwa mara mbili kati ya nchi hizo mbili; usipokuwepo, unaweza kulipa kote.

Kuna nchi zisizotoza kodi wenye viza hizi?

Zipo. Kroatia imesamehe mapato ya kazi ya nje ya mwenye kibali hiki, Kosta Rika pia, na kule Barbados huhesabiwi mkaazi wa kodi kwa sababu ya Welcome Stamp. Malta hutoza asilimia 10. Hispania ina utaratibu maalum unaomwezesha mwajiriwa aliyehamia kulipa asilimia 24 kwa mapato yasiyozidi euro 600,000 kwa mwaka, badala ya viwango vinavyopanda, lakini unaombwa ndani ya miezi 6. Ukipitwa, umepitwa.

Tahadhari kuhusu Ureno: maandishi mengi mtandaoni bado yanasifia unafuu wa kodi wa wakaazi wapya uliojulikana kama NHR. Ulifungwa kwa waombaji wapya kuanzia 2024, na uliokuja baadaye ni wa fani chache.

Mwajiri amekubali nifanye kazi kwa mbali, ila hataki niende nje. Anaogopa nini?

Anaogopa mambo mawili, na hoja zake zina uzito. La kwanza, uwepo wako unaweza kuifanya kampuni ihesabiwe kuwa na kituo cha biashara katika nchi hiyo, nayo ikadaiwa kodi ya kampuni. Hatari hiyo ni kubwa kwa anayesaini mikataba au kuuza kwa niaba ya kampuni, ndogo kwa anayeandika programu.

La pili ni michango ya hifadhi ya jamii. Hispania inaliuliza waziwazi: lete cheti kwamba unachangia kwenu chini ya makubaliano ya nchi mbili, la sivyo kampuni ijisajili Hispania ichangie huko. Kama nchi ya mwajiri wako haina makubaliano hayo, waajiri wengi hugoma hapo. Baadhi ya watu hutoka kwenye ajira na kuwa wakandarasi ili kuvuka kizingiti hiki. Inawezekana, lakini unapoteza likizo ya kulipwa, kinga ya kufukuzwa na pengine pensheni. Pima kama mwaka mmoja ugenini una thamani hiyo.

## Kuishi huko

Tofauti ya saa ina uzito kiasi gani?

Kuliko bei ya nyumba, kwa maoni yangu. Timu yako ikiwa New York na mkutano wa kila siku ni saa tatu asubuhi, ukiwa Malaysia mkutano huo ni saa tatu usiku. Saa za New York zikirudishwa nyuma Novemba, unakuwa saa nne usiku. Jaribu wiki mbili ukiwa hapohapo ulipo: kula, lala na uitikie simu kwa saa za nchi unayoitamani. Ukishindwa wiki mbili, mwaka hautauweza.

Kutoka Barbados, mkutano huohuo unaangukia saa tatu kamili wakati wa kiangazi, na saa nne asubuhi baada ya Novemba. Kwa anayefanya kazi na London, Ureno haina tofauti ya saa kabisa.

Naweza kwenda na familia?

Mara nyingi ndiyo, kwa bei. Ugiriki huongeza asilimia 20 ya kipato kwa mwenza na 15 kwa kila mtoto. Namibia inaongeza dola 1,000 kwa mwenza na 500 kwa mtoto, kwa mwezi. Hispania huongeza asilimia 75 ya kima cha chini kwa mtegemezi wa kwanza na 25 kwa kila anayefuata. Hungaria, kwa White Card yake, yaani kibali chake cha kufanya kazi kwa mbali, haipokei familia kabisa.

Uliza pia kama mwenza ataruhusiwa kufanya kazi. Katika nchi nyingi anakuja kama mtegemezi tu, na mwaka mzima wa kukaa bila shughuli umevuruga safari nyingi kuliko ukosefu wa intaneti. Kwa wenza ambao hawakufunga ndoa, tazama sheria ya nchi husika mapema; ushahidi wa kuishi pamoja haukusanywi kwa wiki moja.

Nikiwa na kibali cha nchi moja ya Schengen, naweza kuzunguka nyingine?

Unaweza kutembea, si kuhamia. Kibali cha Ureno kinakupa Ureno. Kwingineko katika Schengen unabaki na siku 90 ndani ya kila siku 180, kama mgeni mwingine. Kroatia imo kwenye hesabu hiyo tangu ilipojiunga na Schengen 1 Januari 2023. Waliokuwa wakiitumia kama mahali pa kusubiri siku zao zirudi wamefungiwa mlango.

Viza hizi huelekea kwenye ukaazi wa kudumu?

Nyingi haziendi popote. Barbados, Japani, Estonia na Dubai hazikupi ngazi ya kupanda. Hispania na Ureno ndizo hutajwa sana kwa sababu muda wake unahesabika. Hadhi ya mkaazi wa muda mrefu wa Umoja wa Ulaya inataka miaka 5 mfululizo, bila kutoka kwa zaidi ya miezi 6 kwa mkupuo wala miezi 10 kwa jumla. Mtu anayependa kuzurura huwa haifikii, na ajabu ni kwamba viza hizi huombwa zaidi na watu wa kuzurura.

## Hali za pembeni

Nikipata mteja wa nchi ninayoishi, nimkubali?

Kwa kawaida hapana. Utakuwa umevunja sharti la msingi. Hispania inamruhusu aliyejiajiri apate hadi asilimia 20 ya kazi yake kutoka kwa wateja wa humo. Kwingine, uliza kwa maandishi kabla ya kutoa ankara.

Nina kampuni yangu mwenyewe. Nitahesabiwa mwajiriwa au mmiliki?

Amua kabla ofisi haijakuamulia. Barua uliyojiandikia na kujisainia haina uzito. Leta usajili wa kampuni, mikataba na wateja, na malipo yao. Na nchi nyingine hutenganisha hata fani: pasi ya DE Rantau ya Malaysia inataka dola 24,000 kwa mwaka kwa watu wa teknolojia, na 60,000 kwa wasio wa teknolojia. Kwa anayefanya masoko ya mtandaoni, neno moja kwenye cheo linaweza kumhamisha kundi.

Na kuhusu ukaazi wa kielektroniki wa Estonia, ulioanza 2014: unakuwezesha kufungua na kuendesha kampuni kwa mtandao. Haukupi haki ya kuingia, kulala wala kuishi Estonia.

Niliwahi kunyimwa viza. Nitaje?

Taja. Fomu ikiuliza, jibu kweli na eleza kilichobadilika tangu wakati huo. Kunyimwa husameheka, kuficha hugeuka kuwa udanganyifu, na huo una adhabu yake.

Nikipoteza kazi katikati ya kibali?

Kibali kimesimama juu ya kipato hicho, kwa hiyo soma sharti la kutoa taarifa. Nchi nyingi hudai uwaarifu Uhamiaji hali ikibadilika. Ukipata mwajiri mwingine wa nje haraka, kwa kawaida unawasilisha mkataba mpya. Usipopata, tatizo hujitokeza wakati wa kuongeza muda. Kabla ya kuondoka kwenu, tenga nauli ya kurudi ya kila mmoja wenu na pango la miezi mitatu, kwenye akaunti usiyoigusa.

Ni kweli kuna mahali pasipodai viza kabisa?

Svalbard, visiwa vya Norway karibu na ncha ya kaskazini. Kutokana na mkataba wa 1920, watu wa taifa lolote hawahitaji viza kukaa wala kufanya kazi huko. Lakini ndege za kawaida hupitia Norway bara, ambayo ni Schengen, kwa hiyo mwenye pasipoti inayohitaji viza lazima awe nayo ya kwenda na ya kurudi, nayo iwe ya kuingia mara mbili. Ujitegemee kwa kila kitu, maana asiye na uwezo wa kujikimu anaweza kuondolewa. Na katika mji wake mkuu, Longyearbyen, jua likizama mwishoni mwa Oktoba halichomozi tena hadi katikati ya Februari.